Maksai Anakula Miwa na Hanenepi: Kutafuta Kasoro Kuanzia Tumboni

Kama unasoma haya huku ng'ombe wako anatetemeka, anatokwa mate na kuhema, na ametoka horini chini ya saa moja iliyopita, usimalize aya hii. Shuka hadi kichwa kinachosema "Anatetemeka muda mfupi baada ya kula", fanya yaliyoandikwa pale, na mtu mwingine ampigie simu daktari wa mifugo. Haya mengine yatangoja.

Tulio na nafasi tukae tuzungumze. Mimi hunenepesha maksai Mtongwe, upande wa Likoni, wachache kila awamu, wengi wao nikiwalenga Idi ya kuchinja. Huku kwetu nyasi hukauka tangu Januari hadi masika yaanze, na hapo ndipo muwa unapokuwa rafiki. Nyasi ikikomaa hupungua thamani, lakini muwa ukikomaa huongeza sukari. Kiangazi kinapobana, miwa ya Msambweni na Ramisi husimama shambani ikiwa mibichi na mitamu kuliko wakati wowote wa mwaka. Haihitaji hata kuvuka feri kutufikia.

Tatizo ni kwamba utamu huo hutudanganya. Mtu humwona maksai anatafuna kwa hamu, tumbo limetuna, akaamini kazi inaendelea. Miezi miwili baadaye dalali anashika nundu, anapapasa mbavu, anatikisa kichwa. Ninalotaka kulisema katika mwongozo huu wote ni hili: unapomlisha ng'ombe muwa, humlishi yeye. Unawalisha vijidudu walio katika tumbo lake kuu, lile wataalamu waliitalo rumeni, na hao wakilala njaa, ng'ombe hata ukimjazia sukari hadi shingoni atabaki ngozi na tumbo.

Kwanza msome ng'ombe, ndipo utafute kosa

Fanya haya asubuhi kabla ya kulisha. Simama ubavu wa kushoto, weka ngumi kwenye kile kibonde kilicho nyuma ya mbavu ya mwisho, bonyeza kidogo, kisha tulia dakika 2 huku ukitazama saa. Tumbo lenye afya litakusukuma ngumi mara mbili hadi nne. Likikaa kimya dakika zote mbili, una tatizo leo, si la wiki ijayo.

Rudi mchana wakiwa wamelala kivulini. Ng'ombe mwenye afya hucheua saa 6 hadi 8 kwa siku, kwa hiyo wengi wa waliolala wanapaswa kuwa wanacheua. Chagua mmoja, hesabu anatafuna mara ngapi tangu tonge lipande kooni hadi alimeze. Kati ya 40 na 70 ni sawa. Akitafuna mara ishirini na kumeza, chakula chake kimekatwa laini mno au amejazwa pumba na molasi kuliko tumbo linavyoweza kubeba.

Kisha mavi. Nunua chujio la jikoni ambalo halitarudi jikoni tena. Chota konzi mbili za mavi mapya, yatie ndani, yaoshe kwa maji hadi maji yatoke meupe, halafu mimina kilichobaki juu ya gunia kavu. Siku ya kwanza niliyofanya hivi nilipata vipande vya ganda la muwa, vigumu, vyenye kingo kali kama vilivyotoka kwenye panga muda ule ule. Vilikuwa vimepita matumbo manne bila kuguswa. Nilikaa pale nimechuchumaa nikavigeuza kimoja kimoja, na siku hiyo nikaelewa fedha zangu zilikuwa zinakwenda wapi. Ukipata nyuzi fupi, laini, zilizochakaa, tumbo linafanya kazi. Ukipata vipande virefu kuliko ukucha wa kidole gumba, soma sehemu inayofuata na ile ya "Anaacha hori ikiwa nusu".

Anakula, tumbo limejaa, lakini mwili hauji

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na chanzo chake mara nyingi si minyoo wala uzao wa ng'ombe. Ni njaa ya protini.

Chukua kilo 100 za miwa mibichi. Kilo 70 hadi 75 ni maji. Katika kile kikavu kinachobaki, karibu nusu ni sukari na sehemu kubwa ya kilichosalia ni nyuzi ngumu. Protini ni asilimia 2 hadi 4 tu. Vijidudu vya tumbo kuu huanza kudhoofika chakula kizima kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi. Kwa hiyo muwa mtupu huishia karibu nusu ya njia.

Sasa tazama kinachotokea ndani. Sukari huvunjwa kwa haraka sana, ndani ya saa chache baada ya kumezwa. Nyuzi huhitaji siku. Vijidudu wanaotafuna nyuzi wakikosa naitrojeni hupungua, nyuzi zinakaa tumboni hazisagiki, tumbo linabaki limejaa, na ng'ombe mwenye tumbo lililojaa haoni sababu ya kurudi horini. Ndiyo maana unamwona ametuna huku mifupa ya kiuno inachomoza. Ule mtuno ni ghala la nyuzi zilizogoma.

Tupige hesabu ya maksai wa kilo 250. Atakula kama kilo 20 za miwa mibichi kwa siku, ambazo ni kilo 5 na nusu za chakula kikavu. Humo anapata protini gramu 165 hivi. Ili aongeze nusu kilo ya mwili kwa siku anahitaji kama gramu 600. Pengo ni kubwa kuliko kile anachokipata.

Pengo hilo huzibwa kwa mikono miwili, na mkono mmoja hautoshi. Wa kwanza ni yurea, ile ile mbolea nyeupe ya dukani. Vijidudu huigeuza kuwa amonia, na kwa kuwa sukari ya muwa iko tayari pale pale, wanapata nguvu na naitrojeni kwa wakati mmoja na kujijenga. Baadaye wao wenyewe husombwa hadi utumbo mwembamba na kumeng'enywa, na ng'ombe anapata protini kutokana na miili yao. Muwa na yurea huchukuana kuliko nyasi kavu na yurea, kwa sababu nyasi kavu haina sukari ya kuwapa vijidudu nguvu ya haraka.

Lakini yurea peke yake haina salfa (kiberiti), na muwa hauna cha kutosha, wakati vijidudu hawawezi kujenga protini bila hicho. Wabrazili, ambao wamelisha miwa kwa miaka mingi, huchanganya sehemu 9 za yurea na sehemu 1 ya salfeti ya amonia, mbolea tunayoiita SA. Kipimo chao kamili ni kilo 1 ya mchanganyiko huo kwa kila kilo 100 za miwa mibichi iliyokatwa, baada ya wiki moja ya nusu kipimo. Mimi sifiki huko. Husimama kwenye nusu, yaani gramu 500 kwa kilo 100 za miwa, na wiki ya kwanza huanza na gramu 250. Kwa maksai wetu wa kilo 20 za miwa, hiyo ni gramu 100 za mchanganyiko kwa siku, sawa na gramu 40 kwa kila kilo 100 za uzito wake. Ni kipimo kinachosamehe makosa madogo ya mkono. Kinampa protini kama gramu 260.

Mkono wa pili ni protini halisi, ambayo sehemu yake hupita tumbo kuu bila kuvunjwa na kufika utumbo mwembamba ikiwa nzima. Hapa Mombasa tuna bahati ambayo wafugaji wa bara wanaitamani: mashudu ya nazi. Nazi kavu ikikamuliwa mafuta hupata joto, na joto hilo hulinda sehemu ya protini isiliwe na vijidudu. Kilo moja ina protini kama gramu 200. Jumlisha: 165, na 260, na 200. Umefika mahali pake.

Mashudu ya pamba nayo ni mazuri. Pumba za mchele zile laini, za mwisho za kinu, zinasaidia kwa namna ya pekee, maana chakula cha muwa hutoa kidogo sana ile asidi ambayo ini hugeuza kuwa sukari ya damu, na wanga wa mchele unaoponyoka tumbo kuu huziba upungufu huo. Asiye na pesa ya mashudu apande miti ya gliricidia au lusina kwenye ua. Kilo 4 au 5 za majani mabichi kwa maksai mmoja zinaonekana kwenye manyoya yake ndani ya wiki chache. Lusina isizidi theluthi ya chakula, ina sumu inayonyonyoa nywele za mkia.

Nusa mashudu ya nazi kabla ya kulipa. Joto na unyevu wa mji huu huyachachisha upesi, na yaliyoota ukungu yana sumu inayoharibu ini. Ukiyavunja, yanuke nazi iliyokaangwa. Yakinuka mafuta ya jana ya mahamri, yaache pale pale.

Na pima ng'ombe kwa utepe, usimpime kwa jicho, kwa sababu jicho linaona tumbo. Zungusha utepe nyuma ya miguu ya mbele, upate mzingo wa kifua kwa sentimita. Pima pia urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako. Mzingo mara mzingo, mara urefu, gawanya kwa 10,840. Mzingo wa 150 na urefu wa 125 hutoa kilo 259 na ushei. Fanya hivyo kila baada ya wiki mbili, alfajiri, kabla hajala. Kifua hakivimbi kwa nyuzi.

Jinsi ya kuchanganya yurea bila kuua

Yeyusha mchanganyiko wote wa yurea na SA ndani ya maji, lita 4 kwa kila kilo 100 za miwa, hadi usione punje hata moja chini ya ndoo. Tandaza miwa iliyokatwa juu ya sakafu ya saruji, nyunyizia kwa ndoo ya kumwagilia bustani, geuza kwa sepetu, nyunyizia tena. Usitupe yurea kavu horini kwa mkono. Usimpe ndama ambaye bado tumbo lake halijakomaa, yaani aliye chini ya miezi sita. Usimpe ng'ombe aliyetoka safari ya njaa. Nikiwaleta kutoka soko la Mariakani huwapa nyasi, maji na chumvi siku kadhaa kwanza, ndipo muwa, na yurea huja mwisho kabisa.

Hori iwe chini ya paa na iwe na tundu la kutoa maji. Nitaeleza sababu, na naieleza kwa uchungu.

Anatetemeka muda mfupi baada ya kula

Dalili: dakika 20 hadi saa moja baada ya kulisha, misuli ya uso na mabega inacheza, mate yanatoka kwa wingi, anahema, anayumba, tumbo linaanza kuvimba, anaweza kukoroma au kupiga teke hewani. Hii ni sumu ya yurea. Amonia imezidi kiasi ambacho vijidudu na ini vinaweza kukabili, imeingia kwenye damu.

Ondoa chakula mbele ya ng'ombe wote, hata wanaoonekana wazima. Chukua siki ya jikoni, lita 2 hadi 3 kwa ng'ombe wa kilo 250, na maji baridi lita 20 hivi, umnyweshe. Siki huifunga amonia isipenye kwenye damu, na maji baridi hupunguza kasi ya yurea kuvunjika. Usimnyanyue kichwa juu sana, na usimimine kwa nguvu akiwa anatapatapa, maana ataivuta mapafuni. Daktari akiwa karibu, aje na mpira apitishe moja kwa moja tumboni. Rudia baada ya saa chache dalili zikirudi. Ukichelewa hadi ameanguka na kukakamaa, nafasi ni ndogo sana.

Mimi nilimpoteza mmoja. Mwaka wangu wa kwanza wa miwa, hori ilikuwa nje, kando ya mwembe. Jioni tulilisha kama kawaida, mmoja wao akabakiza. Usiku mvua ya masika ikapiga hadi alfajiri, ikaiosha yurea yote kutoka kwenye mabaki, ikajikusanya chini ya hori kama dimbwi la maji ya kunde. Yule maksai mwekundu, mkubwa kuliko wote, aliamka na kiu akanywa kwanza. Kijana wangu wa zizini alikuja mlangoni mbio: "Mzee, yule mwekundu anatetemeka kama mtu mwenye homa." Sikuwa na siki nyumbani. Nilipoamsha duka la jirani na kurudi, alikuwa ameshalala kwa ubavu, macho yamegeuka. Tangu siku hiyo chupa sita za siki hukaa kwenye rafu ya zizi, na hakuna anayeruhusiwa kuzipeleka jikoni, hata kachumbari ikose.

Anaacha hori ikiwa nusu

Tia mkono katikati ya rundo la miwa iliyokatwa. Ukihisi joto, na ukinusa ukakutana na harufu ya pombe, jibu umelipata. Chachu za hewani huanza kugeuza sukari kuwa kileo mara muwa unapokatwakatwa, na kwa joto la Mombasa muwa uliokatwa asubuhi huwa umeshageuka kufikia jioni. Unapoteza kile kile ulichokinunua. Kata mara mbili kwa siku, kata cha kuliwa tu. Muwa mzima, usiokatwakatwa, uliowekwa kivulini, huvumilia siku kadhaa bila hasara kubwa.

Kama hakuna joto wala harufu, tazama ukubwa wa vipande. Panga hutoa pingili ndefu, ng'ombe anachagua majani na vilele na kuacha shina, ambako ndiko sukari iliko. Mashine ya kukata majani yenye visu vikali hutoa vipande vya nusu sentimita hadi moja, na ulaji hupanda waziwazi. Visu vikiwa butu, mashine haikati, inachana, na nyuzi ndefu zinatoka kama kamba za makumbi. Noa visu kila wiki. Ni kazi ya nusu saa, na ni nafuu kuliko kilo moja ya mashudu.

Anakula makapi ya wauza maji ya miwa

Najua kishawishi hiki. Kila pembe ya mji kuna mkokoteni wenye mashine, kuanzia Mama Ngina hadi Kongowea, na jioni kila mmoja ana magunia ya makapi anayotaka yaondoke. Yanapatikana bure au kwa bei ya soda.

Lakini mtazame yule kijana akikamua. Muwa unapita, anaukunja, anauwekea ndimu na tangawizi ndani, unapita tena, na tena, hadi unatoka bapa na mkavu. Sukari, iliyokuwa thamani yote ya muwa, imeshanywewa na mteja. Kilichobaki ni zile nyuzi ngumu ambazo tumbo la ng'ombe linazivunja kwa shida kubwa. Maksai aliyelishwa makapi peke yake atakonda tumbo likiwa limejaa, hata ukimwongezea yurea, kwa sababu sasa vijidudu wana naitrojeni bila nguvu ya kuitumia. Na hapo hatari ya sumu inaongezeka, haipungui.

Yana kazi yake. Kilo moja au mbili kwa siku, makapi ya siku hiyo hiyo, zinasaidia kubeba molasi na kumfanya ng'ombe acheue pale unapompa pumba nyingi. Zaidi ya hapo yafanye matandiko ya zizi. Na yapekue kwa mkono kabla ya kuyapeleka horini: mirija, vifuniko, vipande vya plastiki na waya wa kufungia miwa. Waya ukiingia, hukaa kwenye tumbo dogo la pili na kuchoma kuelekea moyoni. Ng'ombe wa namna hiyo husimama amekunja mgongo, viwiko vimetoka nje, hataki kuteremka mteremko, na huguna akilala. Hakuna chakula kitakachomponya.

Mavi ya kijivu, yana povu, harufu chachu

Muwa wenyewe ni nadra kuleta hili, kwa kuwa nyuzi zake hulazimisha kutafuna, na mate ya ng'ombe hupunguza asidi. Tafuta kilichoongezwa: molasi iliyomiminwa kwa ndoo, unga wa mahindi, pumba za ngano alizopewa nyingi ghafla kwa haraka ya Idi. Kipimo cha uchachu wa tumbo kuu (pH), ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi na kwa kawaida hukaa 6 hadi 7, huanguka chini ya 5 na nusu, vijidudu wa nyuzi hufa kwa wingi, ng'ombe anaacha kucheua, kwato zinapata moto na anatembea kama anayekanyaga misumari.

Ondoa unga na molasi siku hiyo. Mpe nyasi kavu ndefu, maji, na magadi ya kupikia, gramu 100 hadi 150 zilizoyeyushwa, kwa wale waliolegea kidogo. Aliyelala na hainuki ni wa daktari. Ukirudisha pumba, anza na kikombe, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili, na kila siku mpe muwa kwanza, pumba baadaye.

Kushoto kumevimba, kunalia kama ngoma

Mfungue kinywa kwanza. Huku kwetu, wakati wa maembe, kokwa hukwama kooni mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na pingili ya muwa iliyokatwa vibaya hufanya vivyo hivyo. Anayenyoosha shingo, kudondosha mate na kukohoa amekabwa. Usisukume kitu kwa kijiti. Kama koo ni wazi na tumbo limejaa povu, mafuta ya kupikia robo lita hadi nusu lita hulivunja. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu, mtembeze, mwite daktari. Ngozi ya ubavu ikikaza hadi huwezi kuifinya, hesabu ni ya dakika.

Anatembea kama mlevi, anagonga ukuta

Hili ni la molasi, hasa ng'ombe anayelishwa molasi nyingi bila majani ya kutosha. Cuba, ambako katika miaka ya 1960 Thomas Preston, Muingereza, alifanya kazi kubwa ya kunenepesha ng'ombe kwa molasi na yurea, wafugaji waliiita kwa Kihispania jina lenye maana ya ulevi. Ng'ombe anayumba, anasimama ameegemeza kichwa ukutani, mate yanamtoka, na mwisho haoni. Ubongo umekosa sukari na vitamini B1.

Sitisha molasi mara moja, mpe majani mabichi tele, na daktari amchome sindano ya vitamini B1 siku hiyo hiyo. Akiwahiwa hupona. Akipofuka amepotea mara mbili, maana kipofu hafai udhiya, na mnunuzi wa Idi atajua kabla hujafungua mdomo. Kinga yake ni ndogo tu: molasi isizidi kilo moja na nusu kwa siku kwa maksai wetu wa kilo 250, na muwa au majani yawepo horini saa zote.

Analamba ukuta, anatafuna mifupa na matambara

Muwa ni maskini wa fosforasi, zinki, shaba na chumvi. Tundika tofali la madini na uweke chumvi wazi. Hili halihitaji maneno mengi.

Yote yako sawa, bado hanenepi

Hapo sasa ndipo uulize minyoo, kupe na mbung'o. Ng'ombe aliyetoka pande za Shimba Hills anaweza kuwa na vimelea vya ndorobo, ugonjwa uletwao na mbung'o, kwenye damu kwa wiki kadhaa akila vizuri huku anakonda, na ndigana, ugonjwa wa kupe, hapa Pwani hatuhadithiwi. Daktari achukue damu. Lakini nakuomba usianzie huku. Nimeona watu wakichoma sindano tatu za dawa ng'ombe ambaye alichokosa ni kilo moja ya mashudu.

Na jambo moja ambalo hunasa hata wenye uzoefu: yurea ikiisha, au mvua ikakata barabara, au ukaenda matangani siku tatu na kijana akalisha miwa mitupu, usirudi na kipimo cha wiki iliyopita. Tumbo limeshasahau. Anza tena na gramu 250 kwa kilo 100, siku saba, chupa za siki zikiwa karibu.